Uzi Mwekundu kwenye Kola ya Shimwa

Masaka, Kigali
Jumapili

Kwa dada yangu Mukeshimana,

Asalaam aleikum. Naomba barua hii ikukute mzima huko Mwanza, wewe na vitenge vyako, na wateja wawe wameshauzoea ukali wako. Bibi anakusalimu, na meno yake mawili yaliyobaki yanakusalimu pia. Mimi mdogo wako bado ni fundi cherehani namba moja Masaka nzima. Anayebisha alete suruali yake.

Usishangae kupata karatasi badala ya simu. Kwenye simu mdomo wangu hukimbia, na uongo hudandia nyuma kama abiria wa pikipiki. Kalamu hunichelewesha, hasa mimi niliyeishia darasa la sita. Jirani yetu Nasiri anakuja huko kufuata vitambaa, nimempa yeye.

Habari ni za binti yako Shimwa. Yale magoti yaliyomvimba, nilikuambia ni kuruka kamba. Siyo. Tulimpeleka hospitali, kwa Daktari Gahongayire, mama mpole lakini macho yake yanakupekua mpaka mifukoni. Alisema yale maumivu ya koo ya kila msimu wa mvua yameshuka hadi moyoni. Mlango mmoja wa moyo haufungi vizuri. Si unakumbuka, kila koo likimuuma alipewa dawa nyingine, ikamtapisha, tukaiacha nusu. Sasa kinachotakiwa ili moyo usiharibike zaidi ni sindano ya penisilini, kila mwezi, miaka mingi.

Hapo bibi akafunua kola ya mtoto, akamwonyesha daktari ile herufi P nyekundu iliyopigwa mstari. Wewe ndiye uliyeniamuru niishone kwenye kila gauni, ili popote atakapougua nesi ajue ana mzio wa penisilini. Nami nilijigamba kwamba hata matajiri wa Kiyovu hawana tarizi kama ile.

Daktari hakuisifu tarizi yangu. Alisema watoto wengi huandikiwa mzio kwa sababu ya vipele vilivyoletwa na ugonjwa wenyewe, kwa hiyo lazima aulize upya. Vilitoka baada ya dozi ya ngapi? Baada ya muda gani? Midomo ilivimba? Alipumua kwa shida? Bibi akaninyooshea kidole, kwamba siku zile mtoto alikuwa na mimi. Nikajibu kifua mbele: dozi ya kwanza tu, dakika kumi, vipele mwili mzima, pumzi ikakata. Daktari akaweka kalamu chini. Akasema kama ni hivyo, kumjaribu hata kwa tone ni hatari. Tungoje wataalamu wakubwa, na sindano ingoje pia.

Shimwa, anayehema sasa hata akiwa amekaa, akaniuliza kama nitamshonea gauni la Idi mapema, kabla moyo wake haujachoka.

Nikamfuata daktari koridoni, nikamwambia ninalokuandikia sasa.

Miaka mitano iliyopita ulikwenda msibani Huye, ukaniachia Shimwa na chupa ya amoksilini, dawa ya ukoo mmoja na penisilini. Sikumpa hata kijiko kimoja. Nilimbeba mgongoni kutwa kwenda kutazama mpira Kinyinya, chupa ikabaki nyumbani haijafunguliwa. Siku ya tatu vipele vikatoka. Nikaogopa kofi lako. Nikaimwaga dawa mferejini, nikasema nilimpa na vipele vikatoka papo hapo. Ile pumzi kukata niliiongeza ili hadithi inoge. Nesi akaandika kwenye kadi. Wewe ukanunua uzi.

Daktari hakunigombeza, afadhali angenigombeza. Jumatano alimpa Shimwa dozi ndogo ya kunywa, tukangoja kwenye benchi, akamwongezea, tukangoja tena, nesi hamwondolei macho. Hata kipele kimoja hakikutoka. Bibi akamshukuru Mungu kwa kumponya mzio, nami nikamwacha ashukuru. Sindano ya kwanza ameshachomwa, na akaning'ata mkono. Lakini ule mlango wa moyo, daktari amesema, haurudi kama zamani. Huenda siku moja akapasuliwa.

Magauni yote nimeyafumua ile P, isipokuwa moja. Hilo Nasiri atakukabidhi pamoja na barua. Njoo nalo, dada. Na lile kofi njoo nalo. Nimelikimbia miaka mitano, na aliyepigwa ni mtoto.

Shimwa anakusalimu, anataka viatu vyekundu. Wasalimie wote wanaokuuliza habari zetu.

Mdogo wako asiye na la kujigamba leo,
Usumani