Wimbo Uliosimamisha Mchezo

Mama yangu mpenzi,

Amani ya Bwana iwe kwako na kwa wote walio nyumbani huko Songo. Goti lako linaendeleaje? Na mvua, imewaacha mlale? Minye niko muzima, ila baridi ya huku Kanada bado inaniuma masikio.

Mama, parokia yetu ya huku ilitayarisha mchezo wa jukwaani, ule ambao watu wanaongea kisha wanaimba. Nilipewa nafasi ya mama ambaye mwanawe amepotelea vitani. Mwishoni mtoto anarudi, lakini kabla ya hapo mama anabaki peke yake, anapika na kuimba wimbo mrefu. Madamu Lusi, anayetufundisha, alisema ni wimbo wa kukata tamaa. "Lia," aliniambia. Nilijaribu. Sauti ilikuwa inakatika kila mara, mpaka akataka kumpa mwingine nafasi yangu.

Ndipo nikakumbuka wakati ule kaka Amani alipopanda milima ya Rurambo kufuata ng'ombe za baba, vita vikafunga njia. Weye ulikuwa unatwanga majani ya muhogo ya sombe uani, ukiimba kwa nguvu hata majirani wakanung'unika. Nilikuuliza, "Mama, unaimbaje na Amani haiko?"

Ukanijibu bila kuacha kutwanga: "Watu mingi wamekimbia. Akifika hapo njiani akute kimya, atafikiri na sisi tulienda. Acha asikie tuko."

Na siku aliporudi, viatu mkononi, hukupiga kelele. Ulimwambia tu, "Nawa mikono, bugali iko."

Nilimweleza Madamu Lusi hayo yote. "Huyu mama halii," nilisema. "Anaita." Akanirudishia karatasi ya wimbo. "Basi uimbe hivyo, tuone."

Jumapili ukumbi ulijaa. Niliimba kwa sauti yangu yote, macho kwenye mlango wa nyuma. Nilipomaliza, watu wakasimama wote, wakapiga makofi mpaka mpiga piano akashusha mikono, mchezo ukakwama pale. Bwana anayecheza mwanangu alikuwa nyuma ya pazia. Baadaye aliniambia, macho mekundu, "Nusura nitoke kabla ya zamu yangu. Ilikuwa vigumu kukaa tu nikisikia mtu akiniita vile." Na minye, kati ya nyuso zote zile, nilitafuta uso mmoja, nao ulikuwa Songo.

Nilikupigia usiku huohuo, réseau ya simu ikakataa. Ndiyo maana naandika.

Nisalimie shangazi wa Kimanga, anayeuza vitenge. Mwambie kile alichonipa ndicho nilichovaa jukwaani. Salamu kwa dada Riziki na watoto wake. Kaka Amani mwambie nimeimba habari zake mbele ya wazungu, wakalia bila kujua jina lake.

Ukiniombea, Mama, usiombe nizoee huku. Omba nisizoee sana.

Kitinda mimba wako anayekupenda,
Furaha