Dume wa Galula

Jumatatu, 5 Agosti

Karantini bado. Nguruwe asitoke, asiingie. Nyama marufuku. Banda langu tupu — tupu kabisa! Dume wangu, fahari ya kata nzima, nimemfukia na chokaa kama takataka. Mimi Rabson! Nguruwe majike wa kijiji chote walikuwa wanaletwa kwangu kupandwa. Nani mwingine alitoa dume kule Galula kwa pikipiki, kafungwa kwenye tenga, anakoroma njia nzima? Hakuna.

Aliyeleta homa ya nguruwe ni Zabron jirani yangu. Watoto wa nguruwe alinunua Tunduma, mpakani. Nilimtaja mkutanoni, na nikapendekeza mwenyewe: vipimo vikirudi, aliyeleta ugonjwa asifuge tena hapa. Maisha yake yote. Watu wote wakanyoosha mikono.

Jumatano, 7 Agosti

Eva kafika. Ndiye mtaalamu wa mifugo aliyechukua damu. Atalala kwetu, sola yangu ndiyo kubwa. Vipimo ametumiwa kwenye laptopu. Nilidhani ni ndiyo au hapana tu. Kumbe herufi! Mistari na mistari, rangi rangi. Anasema kirusi cha homa kina maandishi yake ndani. Programu inapanga maandishi ya nguruwe huyu chini ya yale ya yule, herufi chini ya herufi, uone wapi yanafanana na wapi yanaachana.

Na herufi zenyewe ni A, C, G, T. Basi! Niliishia darasa la pili, lakini nne zinishinde? Nikasema Jumapili watu waje uani kwangu, nitawasomea mwenyewe. Eva kasema, babu, nitasoma mimi. Nimekataa. Nimeshatangaza mpaka kwenye mashine ya kusaga.

Alhamisi, 8 Agosti

Nane Nane. Leo dume wangu angekuwa Mbeya kwenye maonyesho, utepe shingoni. Niko hapa. Baridi.

Nimejifunza siku nzima. Programu ni janja. Herufi ikikosekana inaweka kistari, ili zinazofuata zisiende upande. Zikilingana, safu inanyooka kama mahindi yaliyopandwa kwa kamba. Moja ikiwa tofauti, inachomoza. Gwantwa, mke wangu, ananicheka: "Baba Tumpale, Biblia hukuimaliza, leo unasoma nguruwe!" Mwache.

Jumamosi, 10 Agosti

Sijala.

Majina hayapo pale, ni namba za chupa. Eva hataki mtu aonewe. Lakini chupa ya dume wangu niliiona: K4. Ya Zabron K7 — nilisimama pale pale asije akafanya ujanja.

Asubuhi nikafuata K7 kwa kidole. Inachomoza. Hapa, pale, na kule. Haifanani na yoyote! Nikacheka. Nikamwambia Eva, umeona, wake ni wa kigeni!

Nikaenda kwenye mstari wangu. K4, na chupa za wengine wote waliofiwa na nguruwe hapa — sawasawa. Hakuna kinachochomoza. Juu yao kuna mstari umeandikwa G1. Nao sawasawa.

"G ni nini?"

"Galula, babu. Huko walianza kufa mapema."

Kwa hiyo homa ya Zabron iliua nguruwe wa Zabron tu. Na wengine... majike wao walikuja kwa dume wangu.

Nikasema mashine imekosea, panga upya. Kapanga. Vile vile. Nikasema tumia programu nyingine. Katumia. Vile vile!

Kaniuliza, taratibu, kama asome yeye kesho. Nikajibu Rabson hasomewi. Kwa nini nimejibu hivyo?

Jumapili, 11 Agosti

Niko chumbani, mlango nimefunga. Uani wamejaa, wametoka kanisani moja kwa moja. Laptopu iko mezani. Zabron kakaa benchi zima peke yake. Tangu ule mkutano hakuna anayekaa naye. Hata salamu wanamnyima. Kavaa koti lake la harusi za watoto.

Watu hawa hawajui kusoma mistari ile. Nikisema K7 ndiye, nani atabisha? Eva? Kaniambia kitu kimoja tu leo: "Soma yaliyomo, babu." Binti mdogo, kaniangalia machoni!

Nisiposoma, watasema Rabson hajui. Nikisoma, sifugi tena. Nimelisema mimi, kwa mdomo wangu. Asubuhi nitaamka niende wapi? Nimwite nani?

Dume alikuwa mzima nilipomnunua. Mzima kabisa! Alikula vizuri.

Dirisha lina nondo, mtu hapiti.

Gwantwa anagonga. "Baba Tumpale, unajifungua humo?" Uani wanacheka. Mtu anasema mzee anafanya mazoezi ya herufi.

Nikapaza sauti: "Nakuja! Nasoma mwenyewe!"

Makofi. Nimechungulia tena. Zabron naye anapiga, kuliko wote.