Mabano Mawili na Ng'ombe wa Mama Naisiae

Jumamosi, mwezi wa tatu, 2006. Kitengela.

Jua kali tangu asubuhi, vumbi hadi kwenye meno, na mimi nimekasirika. Nimekasirika tangu jana saa nne na bado sijapoa. Hasira hasara, mama yangu huniambia kila akinipigia simu kutoka Kakamega. Basi leo acha nipate hasara.

Niko siber ya intaneti, kompyuta ya pembeni kabisa, kwa sababu haya ya blogu siwezi kuyaandikia ofisini.

Ninaandika programu za kompyuta katika kampuni ndogo hapa mjini, watu wanne na choo kimoja. Mwaka huu tulipata kazi ya mradi wa chanjo ya mifugo Kajiado. Kila ng'ombe anavishwa hereni ya plastiki yenye namba, na namba hiyo inaingizwa kwenye kompyuta. Siku ya chanjo ikikaribia, programu yetu inatoa karatasi: boma la fulani, ng'ombe kadhaa. Daktari wa mifugo anahesabu dozi kwa kufuata karatasi hiyo, anazipanga kwenye boksi la barafu, anaondoka.

Bosi wangu, Wachira, ndiye aliyeandika sehemu kubwa ya programu, na ndani yake kuna funksheni moja ambayo anaipenda kama kifungua mimba wake. Funksheni ni kipande cha programu ulichokipa jina. Ukikiita, kinafanya kazi yake na kukurudishia jibu. Hii ya Wachira unaipa jina la mwenye boma. Ukiiita ukitaka jibu moja, inakuhesabia ng'ombe. Ukiiita ukitaka orodha, inakupa namba za hereni, moja baada ya nyingine. Jina ni lile lile. Hakuna mahali unapoiambia "hesabu" au "orodhesha." Inaangalia tu jinsi ulivyoiita, halafu inajiamulia.

Na tofauti kati ya kuiita hivi na kuiita vile ni mabano. Mabano mawili tu, moja kushoto na moja kulia, kwenye nafasi ya kupokelea jibu. Ukiyaweka, inadhani unataka orodha yote. Inakumwagia hereni zote, na kwa kuwa una nafasi moja tu ya kupokea, inaingia namba ya kwanza, nyingine zinapotea kimya kimya. Hakuna kosa linaloonyeshwa. Programu inaendelea kana kwamba iko sawa.

Niliyaweka mabano. Kila mahali pengine kwenye hiyo programu tunayaweka, mkono umezoea. Hereni ya kwanza kwenye orodha ya Mama Naisiae ilikuwa namba kumi na nne.

Kwa hiyo karatasi ikasema ana ng'ombe kumi na nne.

Ana sitini na watatu.

Mama Naisiae ni mjane, anaishi ng'ambo ya Oltepesi. Nilikutana naye siku ya kuvisha hereni, akanisalimia "takwenya" na kunicheka nilipokosa la kujibu, mpaka akanifundisha kusema "iko." Hakuna aliyemuuliza ana ng'ombe wangapi. Huko ng'ombe hawahesabiwi mdomoni, ni kama kuita mkosi. Yeye anawajua kwa rangi, kwa pembe, kwa mama zao. Mmoja akikosa jioni anajua ni nani. Kwa hiyo sisi tuliandika hereni na rangi, hereni na rangi, mpaka wakaisha, na idadi tukaiachia kompyuta. Ndiyo ilikuwa heshima tuliyowapa watu wale, na niliona ni jambo zuri.

Alhamisi Daktari Mutiso alipeleka chanjo. Yalikuwa maboma mawili siku hiyo: la mzee mmoja aliyekuwa diwani, halafu la Mama Naisiae. Kwa diwani kila kitu kilienda sawa. Kwa Mama Naisiae, dozi ziliisha ng'ombe wakiwa bado wamejaa kwenye zizi. Arobaini na tisa walibaki bila chanjo. Na bila chanjo hakuna kibali cha kuwahamisha, na bila kuwahamisha hakuna nyasi. Alikuwa aondoke na kundi lote wiki ijayo kwenda Nguruman. Hapo Oltepesi kumebaki mawe na miiba, na tayari ng'ombe wawili wamedhoofu hadi wanainuliwa kwa kushikwa mkia.

Mutiso alinipigia jana asubuhi. "Nafula, wewe ndio ulinipea karatasi. Huyo mama aliniletea maji ya kunawa mikono, akanishukuru. Afadhali angenitusi."

Nilitafuta kosa kwa saa moja, nikalipata. Nikalirekebisha. Halafu nikafanya kile ambacho mtu yeyote mwenye akili angefanya: nikaigawa ile funksheni iwe mbili, moja ya kuhesabu na moja ya kuorodhesha, kila moja na jina lake. Nikampelekea Wachira pamoja na karatasi mpya, aitie sahihi, Mutiso aruhusiwe kutoa dozi nyingine kwenye friji ya Kajiado. Dozi ziko. Kinachokosekana ni karatasi.

Wachira alisoma, akacheka.

"Rudisha vile ilikuwa. Hiyo function iko sawa, ni wewe hukujua kuiita."

Nilimuuliza mahali maelezo ya kuiita yameandikwa. Akagusa kichwa chake kwa kidole. Huko ndiko maelezo yaliko, ndugu zangu, kwenye kichwa cha Wachira, na sisi wengine tunapaswa kuyasoma kupitia nywele.

Halafu akasema karatasi mpya hatatia sahihi. Mradi wakijua programu ilikosea, watatunyang'anya kazi. Tungoje mwezi ujao, ng'ombe waliobaki watachanjwa kwenye mzunguko wa kawaida. Mwezi ujao! Nilimwambia mwezi ujao Mutiso atachanja ngozi. Akaniambia nipunguze sauti, halafu mbele ya wenzangu akampigia mtu wa mradi, akasema, kwa upole kabisa, kwamba kuna msichana mpya alikosea kuandika namba.

Niko hapo miaka mitatu.

Mtu anatengeneza mtego, anauficha kwenye njia ambayo watu wote wanapita, mtu akinaswa anaambiwa hajui kutembea. Na eti huo ni ufundi! Ufundi gani huo wa kitu kinachobadilika kulingana na jinsi ulivyokisogelea, na hakikuambii kimebadilika? Mwashi akijenga ngazi inayopotea ukitanguliza mguu wa kushoto, atasifiwa?

Nimeandika yote hayo na bado sijafika kwa lile linaloniuma. Nimelizunguka tangu aya ya kwanza.

Jumatano, nilipotoa karatasi, niliyasoma maboma yote mawili. La diwani lilisema ng'ombe watatu. Nilicheka peke yangu, kila mtu anajua yule mzee ana ng'ombe wa kujaza uwanja. Nikaona kompyuta imeteleza mahali, nikahesabu orodha yake kwa kidole, nikapata mia moja na themanini na saba, nikaandika kwa mkono. Sikutafuta kwa nini. Halafu nikasoma la Mama Naisiae, kumi na nne. Nikaona ni sawa. Mjane, tena ukame, kumi na nne si haba. Na nilikuwa nimekaa naye nusu siku nikiandika rangi za ng'ombe wake mpaka kalamu ikaisha wino!

Hilo Wachira hajui. Nyani haoni kundule, na jana nilimpigia kelele huku nimelikalia langu.

Nusu saa iliyopita nimempelekea Mutiso karatasi sahihi kwa barua pepe, na nakala kwa mkubwa wa mradi, bila sahihi ya Wachira. Nimeeleza funksheni, nimeeleza mabano, na nimeeleza la diwani. Jumatatu huenda sina kazi. Mutiso amejibu mistari miwili: dozi atazipata, Jumanne anaenda Oltepesi, na mimi nitaenda naye, nimweleze Mama mwenyewe.

Nitaenda. Habari za mabano naweza kumweleza, hata kwa kuchora kwenye vumbi, na nadhani atanielewa. Lakini akiniuliza kwa nini kosa la diwani nililiona na lake nikalipita, nitamwambia nini?