Mama Mkwe Wako Amerudi

Malvern, Johannesburg, Agosti 2017

Murielle mwanangu,

Salamu kwanza. Mimi niko mzima, saluni ya hapa Jules Street inaendelea, wateja wa kusuka hawakosi. Nakuandikia karatasi kwa sababu sauti ninazokutumia kwa simu mume wako naye anazisikiliza.

Mama mkwe wako Pascasie amerudi kutoka kwenu. Eish! Kanisani hatupumui. Kila mama anakalishwa chini aonyeshwe picha za huo mji wenu mdogo wa Uingereza: eti soko la Alhamisi lilianza kabla ya babu wa babu zao, eti jumba la soko limesimama juu ya miguu ya mbao, eti kanisa lilijengwa na pesa ya manyoya ya kondoo. Utasema alizaliwa huko! Jana akasema, "Zamani kule, mwanamke wa mdomo mrefu walimfunga kwenye kiti, wakamzamisha mtoni." Halafu akanigeukia: "Mama Murielle, wewe ungehamia ndani ya maji!" Wamama wakacheka mpaka machozi. Na mimi nikacheka, ningefanya nini?

Ila mwanangu, kwetu mtoto wa kwanza anaogeshwa na mama mzaa mama. Najua karatasi zangu za ukimbizi hazinivushi mpaka. Lakini hata kuniuliza kwa heshima tu? Pascasie anatangaza kwamba mjukuu wetu Gaël, yeye ndiye aliyemwogesha, kila asubuhi.

Niambie kitu kimoja, usinifiche: mtoto alikuwa analia mikononi mwake? Kama hakulia, nidanganye.

Mimi niliyekuzaa,
Mama Murielle