Boriti za Nyumba ya Baba

Mtaa wa Dengfeng, Xiaobei,
Guangzhou, China.
Alkhamisi, 14 Novemba 2024
(Mfungo Nane)

Mpendwa mdogo wangu Najat,

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. U hali gani, mwanamama? Miguu imepungua kuvimba? Na ile dawa ya kuchua niliyokuletea safari iliyopita, umeitumia mwenyewe au umewagawia majirani kama kawaida yako? Wete mvua zimekujieni vizuri? Sisi huku tuko, kwa uwezo wake Mola, ila baridi imeanza na kifua changu hakipatani nayo.

Utashangaa kuona karatasi wakati simu ipo. Chumba chetu hapa ni kimoja, kina pazia katikati. Nikirekodi sauti Kaka Nassor anasikia, na wewe nakujua, ujumbe wangu unaufungulia jikoni mtaa mzima ukasikia. Haya sitaki ayasikie. Barua nampa Msabaha, anarudi kesho kutwa na mzigo wake wa nguo za soko la Shahe, atakutilia mkononi.

Khabari yenyewe nikwambie mapema, usije ukasoma na moyo juu. Macho ya kaka yetu hayaponi. La kushoto limekwisha. La kulia linaona kitobo tu, nacho kinaziba. Kwa hiyo ile nyumba ya baba tuliyokubaliana kuivunja mvua zikikatika, tumjengee mpya iwe zawadi yake akirudi na macho yake, nakuomba isivunjwe. Sasa nikueleze sababu, maana najua Sufian mwanao ameshaagiza kokoto.

Uliniuliza Dubai tuliona nini, nami kwenye simu nikakujibu, "Majumba tu." Hayakuwa majumba tu. Tulikaa pale siku mbili kungoja ndege ya huku, na Kaka alishikilia kwamba lazima atembee. "Bimkubwa," akanambia, "watu wanasema mji ule mtu auone kabla hajafa. Mie nauona kabla sijapofuka, nimewashinda." Akacheka, na mie nikacheka. Nilidhani mzaha.

Tulianzia kwenye mnara wao ule mrefu. Kaka aliinua uso mpaka kofia ikaanguka. Aliutazama kipande kipande, kama mtu anayechungulia kwa tundu la ufunguo. Akaniuliza, "Ncha umeiona wewe?" Nikamwambia nimeiona. "Basi yatosha, keshaona mmoja wetu." Baada ya magharibi maji yakaanza kucheza chini ya mnara, yanaruka kwa muziki na taa, na watu wote wameinua simu zao. Yeye alifumba macho akasikiliza. Alisema yanapiga kama mvua ya masika kwenye bati la jirani.

Asubuhi yake tukapita soko la dhahabu. Mikufu imetundikwa madirishani mipana kama vizibao, mpaka nikasema astaghfirullah. Kaka akagonga paji la uso kwenye kioo cha duka moja, kilivyokuwa safi. Mwenye duka akatoka mbio, akakitazama kioo kwanza, ndipo akamtazama yeye. Muda wote huo alikuwa amenishika mkono. Mtu mzima, na ndevu zake nyeupe, kanishika mkono kama alivyokuwa akitushika sisi kutupeleka chuoni kusoma Kurani. Na mie najisemea, kachoka na safari.

Kutoka hapo tukaenda mtaa wa kale, ule wenye minara ya kuvutia upepo juu ya mapaa. Ungeupenda. Vichochoro vyembamba, kuta za mawe, na milango mizito ya misumari. Nyumba moja wameifanya ya maonyesho, watalii wanaingia kutazama watu wa zamani walivyoishi. Kaka kufika mlangoni akapiga hodi. Hodi yetu ya Wete, kwa sauti yote. Akavua viatu. Ndani ukumbini wamekaa wanaume, wana kanzu na vilemba, mmoja kashika dele la kahawa. Akawatolea salamu kamili, mkono kifuani, akangoja. Kimya. Akarudia. Kisha akamwendea yule mwenye dele akampa mkono.

Walikuwa masanamu, Najat.

Watalii wakacheka. Mmoja akapiga picha. Uso wangu ulipata moto, na papo hapo nikajua kwamba kaka yangu hakuchoka. Kaka yangu haoni. Mlinzi wa pale, mzee wa Kibulushi, akainuka kitini pake akajibu yeye: "Waalaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh." Yote, taratibu, kama mwenye nyumba. Kaka akamgeukia na Kiarabu chake cha chuoni, "Alhamdulillahi. Nilidhani wenzako wamenikasirikia." Mungu amlipe mzee yule, popote alipo.

Halafu Kaka akainua kichwa. Dari ilikuwa ya boriti, boriti za mikoko, zimelazwa vile vile kama za baba. Mlinzi akaonyesha kidole juu, "Afrika. Zamani, zote Afrika." Na kwa kuwa boriti ni zile zile, chumba nacho ni chembamba vile vile, maana upana hauwezi kupita urefu wa boriti. Kaka akagusa ukuta wa huku, akavuka, akagusa wa kule. Akaniachia mkono. Wallahi, Najat, aliniachia mkono! Akakata ukumbi peke yake, akainama kwenye mlango wa nyuma kabla sijasema neno, akatokea uani. Nikamsikia anaita, "Bimkubwa! Hawa kisima wamekiweka upande siko!"

Huku hospitali ya macho tulikwenda na Eugénie, mama wa Kikongo anayepika chakula chini ya jengo letu. Mkristo, mcha Mungu, na Kichina anakijua. Daktari alimpima Kaka asubuhi nzima, kisha akasema, "Mei banfa." Hilo halitaki mkalimani. Ndilo wanaloniambia wauza jumla wa Yide Lu nikiwaomba washushe bei: hakuna njia. Na dawa yake naijua. Nachukua mkoba naondoka, na sijafika mlangoni nishaitwa nirudi.

Basi akili haikuwapo. Nilichukua mkoba wangu, nikamshika Kaka mkono, nikaenda mlangoni polepole. Nikasimama pale nangoja waniite. Eugénie akanifuata, akaniwekea mkono begani. "Mama Bimkubwa," akasema, "hii si bei."

Kwenye lifti Kaka akasema, "Aliyetoa ndiye aliyechukua, alhamdulillahi." Kisha akaniuliza kama adhuhuri imeingia.

Najua ile nyumba mpya mie ndiye niliyeing'ang'ania. Vigae nimeshavichagua Foshan, vyeupe, vinateleza kama kioo. Asiyeona atafanya nini juu ya vigae vile? Ukumbi mpana, ngazi ngeni, atakaa kitini kama masanamu ya Dubai, watu wampitie wanamtazama. Nyumba ya baba anaijua kwa mikono. Anajua kizingiti, anajua ufa wa ukuta wa jikoni, anajua pa kuinama. Mwambie Sufian simlaumu, alitaka kheri. Bati linalovuja alibadilishe, kuta azipige chokaa, lakini boriti asizishushe.

Kaka hajui kabisa kwamba tulitaka kuivunja. Juzi nilirudi na birika la maji ya moto nikamkuta anatembea chumbani, kafumba hata lile jicho lenye kitobo. Kapapasa ukuta, kafika mlango wa choo, akainama. Mlango huu wa Kichina ni mrefu, mdogo wangu, hapana cha kuinamia. Nikamuuliza, "Kaka, wafanya nini?"

"Naenda kwetu," akasema. "Usinipoteze, nishafika ukumbini."

Nilirudi nyuma ya pazia nikalia kimya kimya.

Nisalimie Sufian na mkewe, nibusie watoto, na shangazi mwambie udi wake nimeupata. Mwenyezi Mungu akuafu miguu yako, atulindie kaka yetu, na atukutanishe sote watatu chini ya paa lile lile tulikozaliwa.

Kama fundi ameshapanda juu, mshushe leo. Kama boriti imeshatoka, irudishwe pale pale ilipokuwa. Nijibu upesi, Najat. Andika, usirekodi sauti.

Ni mie dadaako, nikupendaye na kukuombea kila nikisujudu,

Bimkubwa