Usiku wa Sensa Kwa Lushinge

Jumamosi, 20 Agosti 2022
Nimemkanda mama miguu kwa maji ya chumvi. Bado imevimba. Nimetoka kwangu Gongoni, Tabora mjini, kumchukua, keshokutwa daktari anamsubiri huko. Hataki. Anasema sensa ni Jumanne, na atahesabiwa hapa Kwa Lushinge, pori alilofyeka na marehemu baba. Nimemwambia hata Gongoni watu wanahesabiwa. Amenitazama kama nimetia sukari kwenye kisamvu.

Jumapili, 21 Agosti
Baada ya misa amepita mwenyekiti wa Mtakuja, ng'ambo ya korongo. Kwa Lushinge si kitongoji, haimo kwenye orodha ya serikali. Tutahesabiwa pamoja na Mtakuja. Na anayehesabiwa ni aliyelala kwenye kaya usiku wa kuamkia Jumanne.
Mama akajibu: "Sawa. Bora waje watukute. Wakitukuta wengi, nani atasema tena hapa ni pori?"
Daktari amekubali Jumatano. Nina hasira. Na ninaogopa, anahema hata akiwa amekaa.

Jumatatu, 22 Agosti
Balaa. Alasiri majirani wote wanavuka korongo na mikeka, magodoro, mpaka kuku. Kumbe wameelewa kwamba wakalale Mtakuja ndipo wahesabiwe. Karani wa sensa angekuta nyumba tupu.
Mama alitaka kuwafuata. Alifika zizini pumzi ikamwishia, akakaa chini, akalia. Sijamwona akilia tangu msiba wa baba.
Nilikimbia. Niliwakuta wanatandika kwa ndugu zao, wali uko jikoni. Hata shikamoo nilisahau. Mzee Kasanda, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, akasema, "Mwanangu, mwenyekiti kasema pamoja."
"Pamoja kwenye hesabu, baba. Si kwenye mkeka. Karani atakuja kubisha kwako."
Walicheka, wakajitwisha magodoro. Njia nzima wananitania, eti mgeni wa Gongoni kawafukuza kwenye wali. Nawapenda watu hawa, wanachosha.

Jumanne, 23 Agosti
Karani amekuja na kishikwambi chake. Binti mpole, amempigia mama goti. Kila nyumba ameikuta na watu.
Kwetu aliuliza nani kalala hapa jana. Mama akajitaja. Kisha akanitaja mimi, kwa jina la ubatizo. Nikasema mimi ni mtu wa Gongoni, nina mume huko. Karani akasema aliyelala hapa anahesabiwa hapa.
Nimeolewa zamani, nina wajukuu. Mama alinishika mkono, hakuuachia mpaka karani alipoondoka.

Jumatano, 24 Agosti
Tumepanda basi alfajiri. Hakubisha. Amelala begani kwangu tangu Urambo, mdomo wazi.
Mume wangu amepiga simu. Karani alifika Gongoni jana, akamuuliza kama mkewe yupo. Akajibu hayupo, yuko kwao.
Nimemwambia amejibu vizuri.