Fomu ya Pampu

Kiptere, Jumamosi

Kwako dada Phelis,

Huku mvua imeshika, na majani ya chai yanatushinda kuchuma. Mtoto ananyonya hadi anatoa jasho. Mama mkwe ananiletea uji kila siku saa nne, sina la kumlalamikia.

Likizo yangu ya uzazi inaisha mwisho wa mwezi. Muuguzi alinionyesha pampu mbili za kukamua maziwa, ya mkono na ya stima. Nikachagua ya stima, kwa sababu inamaliza kwa dakika kumi na tano, na kule maabara mapumziko yetu ni dakika ishirini. Bima ingelipa, lakini iko kwa jina la mume wangu Kimeli, kwa hivyo ilibidi yeye ajaze fomu. Akaniambia, "Wewe pumzika, nitaipeleka mwenyewe Kericho." Nikamshukuru mbele ya mamake.

Jana watu wa bima wakanipigia kusema wamekataa. Nilipouliza kwa nini, msichana wa huko akanisomea ile fomu polepole, kama anayeona aibu. Palipoulizwa sababu ya mama kuwa mbali na mtoto, mume wangu ameandika, "Mama haendi popote."

Sijamwambia kwamba najua.

Kama bado una ile pampu yako ya mkono, nifichie ndani ya gunia la ndizi unitumie. Usipige simu.

Koti langu la maabara nililipiga pasi, nikalitundika nyuma ya mlango. Leo nimekuta mama mkwe ameanika nepi juu yake.

Mdogo wako,
Valary